Nyigu Wadogo wa Bernadeta

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Bernadeta alitoka nje na ufito wa mwanzi akaizunguka nyumba yake. Alitazama chini ya bati, pembe moja baada ya nyingine. Aligonga mlango wa choo kwa ncha ya ufito, akasubiri, akagonga tena. Viatu vya shule vilivyolala kibarazani alivikung'uta kimoja kimoja, kisha akaingiza mkono wake mwenyewe mpaka mwisho. Akisharidhika ndipo alipoita, "Lucy, toka sasa."

Watu wa Lubwe walishamzoea. Lubwe ni kitongoji kidogo kilichojibandika ubavuni mwa Uluguru, juu ya barabara ipandayo kutoka Mlali kwenda Mgeta, na huko watu wanajuana mpaka kikohozi. Mzee Kibwana, mkulima wa kabichi wa ng'ambo ya kijito, alikuwa mtani wake wa ukoo, na utani hauna likizo.

"Mtani," alimwita kila alipopita na bomba la dawa mgongoni, "leo umekamata wangapi? Nyumba yako ina ulinzi kuliko benki."

"Pita zako, Kibwana. Ungekuwa na mbawa ningeanza na wewe."

Alijibu hivyo mdomo ukicheka. Moyo haukucheka, na Kibwana alilijua hilo, maana siku ile yeye ndiye aliyeibeba ndoo ya maji waliyommwagia mtoto.

Siku ile ni ya mwaka uliopita, mahindi yakiwa mabichi. Lucy, mjukuu wa Bernadeta, alikuwa na miaka minane. Aliingia bandani kuchukua jembe, akatoka akipiga kelele kidogo tu, kama mtoto aliyejikwaa. Nyigu wawili, mmoja shingoni, mwingine nyuma ya sikio. Bernadeta alichukua kitunguu akapaka, kama mama yake alivyompaka yeye. Kabla kitunguu hakijakauka, midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, macho yamefumba, na koo linatoa mlio kama wa filimbi iliyopasuka. Walishuka naye Mlali kwa bodaboda, Bernadeta amembana kifuani, anausikia ule mlio ukipungua. Alitamani uendelee. Kwenye kituo cha afya walimchoma mtoto sindano ya paja, na baada ya muda pumzi zikarudi.

Mganga alimwita pembeni. "Bibi, mwili wa huyu mtoto haupatani na sumu ya nyigu. Safari hii mmewahi. Safari nyingine inaweza kuwa ya haraka kuliko pikipiki." Akampa vidonge vya kumpa mtoto mara tu akiumwa, wakati wakikimbilia kituoni. Bernadeta alivifunga kwenye pindo la kanga yake, na tangu hapo, akibadilisha kanga, kwanza alihamisha kifundo.

Hofu ya bibi kwa mjukuu haihitaji sababu, lakini yake ilikuwa na sababu ya ziada. Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Bernadeta alizaa wanne: wavulana wawili waliooa mbali, binti aliyezikwa akiwa mchanga, na Esther, anayeuza vitunguu pale njia panda ya Dumila. Esther alimzaa Lucy kwa upasuaji, akaambiwa asizae tena. Kwa hiyo nyumba yote ya Bernadeta, mama yake na mama wa mama yake, ilikuwa imesimama juu ya miguu miwili myembamba ya mtoto mmoja.

Mwaka aliozaliwa Lucy, Bernadeta alikwenda kwa mjomba wake Dominiko, mkubwa wa lukolo, yaani ukoo wao, akaomba ruhusa ya kupanda miti kwenye kipande cha mteremko. Kupanda mti kule si jambo la mtu kuamka na jembe. Kulima mahindi unaweza kuazimwa shamba, lakini mti ukishasimama unakuwa shahidi: aliyeupanda ndiye mwenye pale. Dominiko alikubali mbele ya watu, na miche mia mbili ya mikaratusi ikaingia ardhini. Watu waliita pale "kwa Lucy" kabla Lucy hajajua kutambaa. Na kila mtu alijua upande wa pili wa desturi hiyo: shamba likibaki tupu, hurudi kwa lukolo, likagawiwa mwingine.

Basi mikaratusi ikaanza kuugua.

Mwanzoni ilikuwa vinundu vidogo kwenye vikonyo vya majani, kama upele. Baadaye majani mapya yakatoka yamejikunja, vichipukizi vikakauka kabla ya kufunguka. Miti iliyokuwa ikipanda kwa haraka ikasimama kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kibwana alijitolea kupulizia dawa yake ya kabichi, wakapulizia, ikawa kazi bure. Mdudu yuko ndani ya kinundu, dawa iko nje.

Mwezi wa Mei, masika yakiishia, ofisi ya kitongoji iliita mkutano. Alikuja dada mmoja wa utafiti kutoka mjini, Hafidha, mwenye hijabu ya bluu na raba zilizojaa tope. Alimsalimia kila mzee kwa shikamoo yake, mmoja mmoja, ndipo akazungumza. Alisema mdudu wa vinundu si wa hapa, alitoka ng'ambo, na huku hakumkuta adui. Sasa adui yake naye ameletwa. Alifungiwa kwanza, akawekewa majani ya kila aina kuona kama atagusa kingine, hakugusa.

"Naye ni mdudu gani?" aliuliza Dominiko.

"Ni nyigu, mzee."

Mkutano ukaguna. Kibwana akageuza shingo taratibu. "Mtani, umesikia? Wageni wako wameletwa kwa gari."

Mikono ya Bernadeta ilikuwa imeshika pindo la kanga.

Hafidha alitoa kichupa cha plastiki chenye tone la asali kwenye kifuniko. Ndani yake palikuwa na kitu kama vumbi linalotembea. "Mama," alimwambia Bernadeta, maana alishaambiwa habari za mtoto, "huyu ni mdogo kuliko punje ya ulezi. Mwiba wake ni wa kutagia tu. Anatoboa kinundu, anaweka yai juu ya funza wa yule mbaya, na mtoto wake anamla yule funza humo humo. Ngozi ya mtu hawezi kuitoboa."

"Na akikua?"

"Hakui zaidi ya hapo. Huyu unayemwona ni mtu mzima."

Bernadeta alisikia, lakini neno halikuingia. Kila alichowahi kukiona kikiwa kidogo katika maisha yake kilikua: kifaranga, boga, deni la mtu, mtoto.

"Akimaliza vinundu, atahamia kwenye kabichi zangu?" aliuliza Kibwana.

"Hajui kingine, mzee wangu. Vikiisha, naye anaisha."

Shamba lililofaa lilikuwa la Bernadeta, kwa kuwa liko mbali na bustani zinazopuliziwa dawa. Dominiko alimtazama mpwa wake. Hakumlazimisha. Alisema tu, "Miti ikifa, Bernadeta, nitawajibu nini wale wanaoliomba lile shamba?"

Akakubali kwa sharti moja, kwamba yeye ndiye aingize mkono kwanza. Siku ya kuwaachia alimfungia Lucy nyumbani, akapanda na Hafidha mpaka katikati ya shamba, akanyoosha kiganja. Hafidha akagonga kichupa. Wale wadudu wakatembea juu ya mistari ya mkono wake, na Bernadeta akafumba macho akisubiri. Hakusikia hata mwasho. Alipofumbua, walikuwa wameshahamia kwenye majani.

Hafidha alifunga utepe mwekundu kwenye mti mmoja na kuacha masharti: miezi mitatu hapa pasipuliziwe dawa, pasiwashwe moto, pasiingie moshi. "Hawa ni wepesi sana. Moshi wa dakika tano unatosha kutumaliza sote, wao kwa kufa na mimi kwa aibu." Akipita nyumbani kuaga, alimpa Lucy kioo kidogo cha kukuzia, cha kufunga shingoni kwa kamba. Bernadeta alimkataza mtoto kukanyaga kule, na Lucy akaitikia, "Ndiyo, bibi," haraka mno.

Wiki sita zikapita. Kipupwe kikaingia, asubuhi zikawa za ukungu mzito na umande wa kuumiza vidole. Siku moja mchana Bernadeta alikwenda kuokota kuni pembeni ya shamba, akasikia juu yake mlio alioujua kuliko jina lake.

Alisimama bila kuinua kichwa. Kisha akainua, kidogo kidogo.

Kwenye tawi la chini la mkaratusi, juu kabisa ya kijia, kilining'inia kiota cha rangi ya majivu kama kisahani kilichogeuzwa. Juu yake walitembea nyigu wekundu, warefu, viuno kama uzi, thelathini au zaidi. Na mti ule ulikuwa wa tatu kutoka kwenye utepe mwekundu.

Wamekua, aliwaza. Niliwapokea kwa kiganja changu, sasa wamekua. Alirudi kinyumenyume mpaka barabarani, akapiga simu ya Hafidha. Haikupatikana. Akapiga ofisini kwao, wakamwambia yuko Kisaki, huko mtandao ni wa kubahatisha, labda wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa mbali kama Krismasi.

Akamwendea Kibwana bustanini.

"Lete bomba lako kesho alfajiri."

Kibwana aliona uso wake, akauacha utani. "Masharti ya yule binti je?"

"Wale wadogo wamekuwa wakubwa. Nimewaona kwa macho yangu."

"Basi nitakuja na dawa kali," alisema Kibwana. "Tutapulizia shamba zima."

Jioni, wakimenya viazi, Bernadeta alimwambia Lucy kwamba kuanzia kesho hatakwenda shule mpaka amwambie. Mtoto akauliza kwa nini. Bernadeta akamweleza, kwa maneno machache, kwamba wale nyigu wa kichupani wamekua, na kesho watauawa.

Lucy aliacha kumenya. "Hawajakua, bibi."

"Wewe unajuaje?"

Mtoto alitazama kiazi. Kisha akainuka, akaenda kwenye begi lake la shule, akatoa kopo la mafuta ya kujipaka lililooshwa. Ndani mlikuwa na jani la mkaratusi lenye vinundu. Akavua kioo shingoni akampa bibi yake, akalisogeza jani kwenye mwanga wa taa.

Bernadeta aliinama. Juu ya kinundu palikuwa na vitundu vya kutosha kupita ncha ya sindano. Na pembeni ya kitundu kimoja alisimama mdudu wa kahawia, akipangusa kichwa kwa miguu ya mbele. Alipoondoa kioo, mdudu akawa vumbi. Aliporudisha, akawa mdudu tena. Alikuwa mdogo vile vile kama siku ya kiganja.

"Nimewaona wakitoka," alisema Lucy. "Kila siku wanatoka. Wanazaana, bibi, lakini hawakui. Ukipuliza watakufa wote, na mti wenye utepe umeanza kutoa majani mazuri. Nimeona."

"Kila siku?"

Mtoto akaelewa alichokisema.

"Unapita wapi, Lucy? Ukienda huko kila siku unapita njia gani?"

"Kwenye kijia."

Bernadeta aliweka kioo chini taratibu. Kila siku, mtoto yule alikuwa akipita chini ya kile kisahani, akitazama jani, kichwa chake kikiwa dhiraa moja tu kutoka kwenye miiba thelathini. Hakumchapa wala hakumgombeza. Alimvuta akamkumbatia mpaka Lucy akalalamika kwamba anaumia.

Usiku ule hakupata usingizi wa maana. Hesabu ilikuwa rahisi, lakini ilimtisha. Wale wekundu ni wa hapa hapa, wajenga viota wa siku zote. Kila mwaka aliwafukuza kwa moshi wa majani makavu ya mgomba. Mwaka huu moshi umekatazwa, nao wamepata raha. Akipuliza dawa, nyigu wadogo nao watakufa na miti itafuata, halafu shamba la Lucy litakuwa kilima kitupu chenye visiki. Asipopuliza, mtoto ataendelea kuishi chini ya kiota. Ilibaki njia ya mama yake, ile ya zamani, ya watu waliofuga nyuki na hawakutaka kuchoma mzinga. Nyigu akiwa na baridi na umande, hana mbawa. Unamvika kiroba kiota kizima, unakata tawi, basi. Njia ile haina moshi wala dawa. Ina mtu tu, anayesimama uso kwa uso.

Dawa inaiweka hatari kwenye miti ya mtoto, aliwaza. Kiroba kinaiweka kwangu. Mimi nimeshakula chumvi.

Alfajiri ukungu ulikuwa mzito kama pamba. Kibwana alimkuta kwenye kijia, amevaa koti la marehemu mumewe, kanga imezungushwa kichwani mpaka macho tu yanaonekana, mkononi kiroba cha mbolea.

"Mtani, umevaa kama jambazi wa kuku."

"Bomba lako lirudishe. Baki na panga tu."

Alimweleza kwa ufupi. Kibwana alilitua bomba. "Kiroba nikivishe mimi. Wewe unatetemeka mpaka koti linasikika."

"Wewe una kifua, utakohoa uwaamshe. Shika tawi kwa huku, usilitikise. Nikisema kata, kata."

Walisogea. Bernadeta alihesabu hatua kwa jina la Bikira Maria, kila hatua Salamu moja, na Kibwana kwa upande wake akanong'ona Bismillahi. Kiota kilikuwa kimetulia. Nyigu walikuwa wamekumbatiana juu yake, wekundu, matone ya umande yakiwa migongoni mwao kama shanga. Mmoja alisogeza mguu. Bernadeta alisimama mpaka mguu ule ukatulia. Akafungua mdomo wa kiroba kwa mikono miwili, akaupandisha kutoka chini, polepole, kama mtu anayemvalisha mtoto aliyelala. Karatasi ya kiota iligusa nailoni, ikatoa mkwaruzo. Ndani, mlio mmoja ukaanza. Akaukunja mdomo wa kiroba kwenye tawi, akausokota.

"Kata."

Panga lilipita mara moja. Uzito wa tawi ukamwangukia mikononi, na kiroba kikaanza kunguruma. Aligeuka ili akimbilie kwenye ndoo ya maji waliyoiacha kijiani.

Lucy alikuwa amesimama pale pale kando ya ndoo, na sweta lake jekundu la shule, na kioo shingoni.

"Nilikuja kuona kama umeumwa," alisema.

Bernadeta alitaka kumwambia aondoke, akajizuia. Maana mmoja alikuwa ameponyoka. Hakuruka mbali; baridi ilimwangusha. Lakini hakuanguka chini, aliangukia sweta. Alikuwa kwenye bega la kushoto la mtoto, anapanda kuelekea shingoni, akiburuta tumbo.

"Usitikisike," alisema Bernadeta. "Lucy, jifanye mti."

Alimpa Kibwana kiroba bila kumtazama, akasikia kikitumbukizwa majini. Akasogea. Nyigu alifika kwenye ukosi wa sweta, akasimama, mbawa zikaanza kutetemeka. Alikuwa akipata joto la mtoto. Kumpiga ni kumkandamizia mwiba pale pale kwenye koo. Bernadeta alipandisha mkono wa koti, akanyoosha kidole cha shahada mbele ya nyigu, kama daraja, kikigusa ukosi. Nyigu alikipapasa kwa vipembe vyake. Lucy hakupumua. Pumzi ya Bernadeta nayo ilikuwa imekwama mahali fulani, pamoja na ule mlio wa filimbi wa mwaka jana.

Nyigu akaweka mguu mmoja kidoleni. Wa pili. Akapanda wote.

Bernadeta aliuondoa mkono shingoni mwa mtoto, hatua moja, mbili, tatu, ndipo akafunga ngumi. Mwiba uliingia chini ya ukucha. Maumivu yalipanda mpaka kwapani, na yeye akayapokea kama mtu anayepokea chenji yake.

"Imeuma?" aliuliza Lucy kwa sauti ndogo.

"Imeuma vizuri."

Kibwana alikuwa amekaa chini kwenye majani yenye maji, panga magotini. "Mtani," alisema, "mwakani ukiwa na shida kama hii, hamia ukoo mwingine."

Hafidha alipotoka Kisaki alipanda Lubwe, akazunguka shambani nusu siku akikata majani na kuyatia kwenye mifuko. Aliukuta mti wenye utepe na majirani zake wakitoa vichipukizi laini visivyo na upele. Hakuahidi makubwa, alisema miti mingine ya juu bado ina hali mbaya na kazi itachukua misimu. Alikitazama kidole cha Bernadeta kilichokuwa bado kimevimba, akasikiliza habari yote, akaomba radhi kwa kutopatikana. Kisha akaomba msaidizi wa kuhesabu vitundu kila wiki na kuandika kwenye daftari.

Lucy alimtazama bibi yake.

Bernadeta aliwaza Mlali, na pikipiki, na njia ilivyo ndefu. Aliwaza pia kwamba siku moja, apende asipende, mtoto huyu atakuwa mwenye shamba lile, na yeye hatakuwepo na ufito.

Jumamosi alitangulia peke yake, akagonga kila shina kwa mwanzi kutoka kwenye kijia mpaka kwenye utepe, akatazama juu, akarudi akagonga upya. Kisha akashuka nyumbani, akafungua pindo la kanga, akatoa vidonge. Akavifunga kwenye pindo la kitambaa cha Lucy, mafundo mawili, akavuta kuona kama vimeshika.

"Ukisikia mlio?"

"Nasimama."

"Ukimwona?"

"Najifanya mti. Halafu narudi nyuma."

"Na ukiumwa?"

"Nameza, halafu napiga kelele."

"Kelele kwanza."

Mtoto akapanda na daftari lake. Bernadeta alibaki kwenye kijia, ufito mkononi, akilitazama sweta jekundu likipungua kati ya miti mpaka likamezwa na majani. Pindo la kanga yake lilikuwa jepesi, na mkono wake ukawa unalitafuta kila mara. Akatega sikio. Upepo ulishuka kutoka mlimani, ukayageuza majani, ukatulia.

"Lucy," aliita.

"Naam, bibi. Kumi na saba."

Akashusha pumzi. Akahesabu mpaka ishirini, akaita tena.